Picha Asubuhi, Mashua Alasiri

Mwisho wa mwezi, foleni ya benki pale Machakos mjini hutoka mlangoni, hushuka ngazi, hukata kona na kwenda kuziba mlango wa muuza viatu, naye hutukana watu mpaka saa nane. Walimu wamo, manesi wamo, wazee wa pensheni wamo na vigoda vyao. Foleni hiyo Mumbua aliipenda kuliko sehemu yoyote ya mji. Hakuwa na mshahara wa kuchukua humo. Aliipenda kwa sababu watu wake hawawezi kukimbia. Ukimpa mtu karatasi ya matangazo sokoni ataifungia nyanya. Ukimpa kwenye foleni ya benki ataisoma mara tatu, kisha aigeuze aone kama kuna kitu nyuma.

"Picha asubuhi, mashua alasiri," alisema akigawa. "Tiketi moja, siku moja. Karibu. Picha asubuhi, mashua alasiri."

Mwaka ulikuwa 2003, na Mumbua alikuwa na miaka ishirini na saba. Alivaa sketi ya buluu na sweta ya kijani yenye jina la kampuni kifuani, nywele zimesukwa mistari na kufungwa kisogoni. Alikuwa mrembo, hilo hakuna wa kubisha. Ila uso wake ulikuwa umetulia kupita kiasi, na sauti yake ilitoka vilevile kwa mwalimu, kwa nesi na kwa mzee aliyekuwa akisinzia.

"Ati kuona picha ni kwa tiketi?" akauliza mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli yenye matone ya rangi kila mahali, nyeupe, krimu na kijani cha ukuta wa zahanati.

"Ni sanaa ya kisasa."

"Mimi nyumbani niko na kalenda tatu. Hakuna mtu nimewahi kulipisha."

Watu wakacheka. Mumbua hakucheka. "Hizo kalenda zako ziko na mashua?"

"Moja iko na meli."

"Basi kaa na meli yako," akasema, akampita na kumpa karatasi nesi aliyefuata.

Foleni nzima ikapiga kelele ya furaha. Yule mwanamume, ambaye alikuwa amesimama hapo tangu saa mbili na sasa alikuwa amebakiza watu wanne tu, akafanya upumbavu ambao wenzake waliusimulia baadaye: alitoka kwenye mstari akamfuata. Pengo lake lilizibwa kabla hajafika kwenye kona.

"Dada, ngoja. Usinikasirikie."

"Sijakasirika."

"Umekasirika. Naona."

"Huoni," akasema Mumbua, na hilo lilikuwa kweli tupu. "Jumamosi, saa tatu. Ghala lililo nyuma ya marikiti."

"Mimi naitwa Kibe. Niko na duka la rangi kule Matuu."

"Vizuri," akasema, akaendelea kugawa karatasi.

*

Kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la simiti. Jumba la sanaa lilikuwa ghala la zamani la pamba, wasanii wa mji wamelipaka chokaa na kulitoboa madirisha. Na mashua ilikuwa moja, ya injini, ya watu kumi na wawili, inayozunguka bwawa la Maruba ili wageni waone mji kutoka majini. Asubuhi Mumbua aliwapitisha wageni kwenye picha, saa sita wakala wali na maharagwe, saa nane akawapeleka bwawani na kuwaeleza kila walichokiona. Alikuwa amefanya hivyo miaka miwili, na maneno yote aliyajua kwa moyo, kama mtu anavyojua njia ya chooni gizani.

Jumamosi ile Kibe alikuja amenyoa, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi na marashi yaliyowatangulia wageni wote mlangoni. Kulikuwa na walimu wanne kutoka Masii, na yeye.

"Picha hii inaitwa Kiangazi," Mumbua alieleza mbele ya turubai kubwa la kijivu. "Msanii anatuuliza, je, ukame uko nje, ama uko ndani yetu?"

Walimu wakatikisa vichwa. Kibe akasogea, akainamisha kichwa, akanusa.

"Hii ni andakoti," akasema.

"Ni nini?"

"Andakoti. Ile unapaka kwanza kabla ya rangi yenyewe. Huyu alipaka andakoti akaishiwa. Na hiki kipande cha nyekundu hapa kwa kona ni glosi ya milango. Naapa alinunua kwangu."

Mwalimu mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Mumbua akasema bila kubadilisha sauti, "Hivyo ndivyo alivyotaka. Iko na maana."

"Nani alisema?"

"Iko kwa karatasi."

"Na wewe, wewe mwenyewe, unaona nini?"

Hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza hivyo. Mumbua aliitazama picha ambayo alikuwa ameipita pengine mara mia tatu. Alijaribu kwa dhati, akitafuta kitu cha kumwambia.

"Sioni kitu," akasema.

"Hata mimi," Kibe akasema kwa furaha. "Basi tuko wawili."

Saa sita aliondoka, maana Jumamosi alasiri ndipo mafundi wa Matuu hununua rangi. Jumamosi iliyofuata akarudi, akaziona picha zilezile, akaondoka tena saa sita. Jumamosi ya tatu mlinzi wa ghala alimwekea kiti.

Sasa nieleze jambo moja ili msimwone Mumbua vibaya. Miaka minne nyuma alikuwa amechumbiwa na Mutinda, dereva wa lori, kijana wa Mwala mwenye kucheka ovyo. Desemba ukoo wa Mutinda ulipeleka kwa mzee Mulwa, baba yake Mumbua huko Masii, mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba, mbuzi hao wakishafika kwa baba wa msichana, ndoa ipo. Kanisa na keki ni mapambo ya baadaye. Februari lori lilibingirika karibu na Konza. Mutinda akafa. Lakini mbuzi hawafi na mwenyewe. Mpaka warudishwe, mwanamke ni mke wa boma lile, awe na mume au asiwe naye.

Mumbua alilia kwenye mazishi, akalia wiki mbili zaidi, halafu asubuhi moja akaamka akakuta hakuna kitu. Hakuona huzuni wala hasira. Chai ikiwa moto, sawa; ikiwa baridi, sawa. Alikata kidole na kisu cha sukuma na akagundua alipoona damu kwenye mboga. Na wanaume walipoanza kumuulizia, jibu lilikuwa tayari: mimi ni mke wa watu, mbuzi zangu hazijarudishwa. Hakuna aliyemlazimisha kukaa hivyo. Alijificha hapo mwenyewe, akapaona panamfaa.

*

Kibe alinunua simu ya mkononi mwezi huo, kubwa, yenye antena. Kila siku saa kumi na mbili jioni alipiga ile ya ofisini kwa Mumbua, akiwa amefunga duka.

"Haloo, malkia."

"Malkia wa wapi?"

"Wa bwawa la Maruba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini, mpenzi?"

"Sikumbuki."

Kibe akacheka sana. Alidhani ni utani. "Leo nimechanganya rangi ya kanisa moja. Padri anataka krimu, mwenyekiti anataka waridi. Nimewapa katikati, sasa wote wamenuna. Wewe ungechagua gani?"

"Yoyote."

"Wee! Wewe utakuwa bibi rahisi kweli. Niambie, Mumbua, unanipenda ama unanivumilia tu?"

"Nakuvumilia."

"Basi nivumilie mpaka Krismasi. Mama yangu anataka kukuona. Nimemwambia juu yako, ameanza kupaka nyumba."

"Tutaona," Mumbua akasema.

Kwake neno hilo halikumaanisha ndiyo wala hapana. Kibe alilisikia kama ndiyo, akalala nalo. Hapo lawama nazigawa nusu kwa nusu.

Jumamosi ya saba alimletea leso mbili, kaki na zambarau, zimefungwa kwenye gazeti. Kaloki, mwenye kuendesha mashua, alikuwa amekuja ghalani kuwachukua wageni, akaiona zawadi ile ikipokewa. Kaloki alitoka kijiji kimoja na Mutinda, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Akamvuta Kibe hadi kwenye kivuli cha ukuta.

"Kijana, naona wewe ni mtu mzuri. Lakini huyo ana boma. Mbuzi zake za ntheo zilienda Masii. Mimi mwenyewe nilikuwa hapo, nilikula."

"Hazikurudishwa?"

"Zirudishwe kwa nini? Ni bibi ya Mutinda."

Kaloki hakusema Mutinda amekufa. Haikumpitikia akilini kwamba kuna mtu Machakos nzima asiyejua. Na Kibe, Mkikuyu aliyezaliwa Matuu, aliyecheza na watoto wa Wakamba na kuzungumza Kikamba chao, alijijua kuwa mtu anayeelewa mila zao zote. Angekuwa mgeni kutoka mbali angeuliza maswali matatu ya kijinga, na hadithi hii ingeishia hapo. Yeye hakuuliza. Alijua ntheo ni nini.

Jioni simu ikalia saa kumi na mbili kamili.

"Mumbua. Nikuulize kitu kimoja, unijibu tu. Ntheo yako ilipelekwa?"

"Ndiyo."

"Na haijarudishwa."

"Haijarudishwa."

Nyuma ya Kibe mlango wa bati wa duka ulikuwa ukigongwagongwa na upepo.

"Kwa hivyo wewe ni bibi ya mtu."

"Ndiyo hivyo."

"Na ulikuwa unaniacha nikuje kila Jumamosi na marashi, nakaa kwa kiti ya mlinzi kama mjinga."

Maneno mawili tu yalitakiwa: Mutinda alikufa. Mdomo wake ulikuwa hapo, simu ilikuwa hapo. Wakati mwingine huyu Mumbua hunikasirisha. Alisimama ameshika mkonga wa simu, akiangalia kalenda ya duka la simiti ukutani, akaona kwamba akinyamaza itakwisha, na ikiisha atapumzika.

"Haya," Kibe akasema. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa na adabu, ile ambayo mtu humpa mke wa mwenzake. "Nisamehe kwa kukusumbua. Kwaheri, mama."

Akakata. Mumbua akaweka mkonga mahali pake, akafunga dirisha, akaenda nyumbani akapika ugali.

Wiki nane zikapita hivyo. Picha asubuhi, mashua alasiri. Mlinzi aliuliza mara moja yule wa marashi alienda wapi, Mumbua akajibu kwamba ana kazi nyingi. Hakuumia. Ila saa kumi na mbili jioni alikuwa na tabia mpya ya kutazama ile simu ya ofisini, kisha kutazama saa, kisha kuchukua mkoba wake.

*

Kila mwisho wa mwezi Mumbua alikwenda Mwala kwa Syombua, mama yake Mutinda, na sukari na majani ya chai, akampalilia mbaazi. Hakuwahi kukosa mwezi hata mmoja. Watu wa huko walimsifu. Mwezi ule walipalilia kimyakimya mpaka jua likawa kichwani, kisha Syombua akaketi kwenye tuta, miguu ameinyoosha, akatoa kibuyu cha uji.

"Mumbua, kaa hapa."

"Nimalizie huu mstari, mwaitu," Mumbua akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Wacha mstari." Akamkazia macho. "Juzi nilikuwa kisimani na Ndanu. Akaniambia kitu ya kuchekesha juu ya mchungaji. Nikacheka, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikakumbuka ni mwisho wa mwezi, unakuja. Nikalia papo hapo, ndoo kichwani."

"Pole, mwaitu."

"Usiniambie pole. Mimi nazeeka, niko na wajukuu, nataka kupona. Lakini kila mwezi unaingia kwa hiyo kona na huo uso, na mimi namzika mtoto wangu upya. Mara ngapi sasa? Hata mchungaji alimzika mara moja."

"Nilifikiri nakusaidia."

"Unanisaidia kupalilia. Kwa hilo Mungu akubariki. Lakini sikukuweka hapa, ni wewe umejiweka. Nilikwambia mwaka juzi, nikakwambia mwaka jana, hizo mbuzi zirudi. Leo ni mara ya tatu. Sitaki kukwambia tena."

Mumbua aliangalia jembe. Alingoja maumivu, kama mtu anavyongoja sindano ya daktari. Masikio yalipata moto kidogo, basi. Alijiona mwizi aliyekuwa akiiba kitu kidogokidogo kila mwezi katika nyumba hii, akifikiri analeta.

"Sawa, mwaitu. Nitamwambia baba."

"Na si nakufukuza." Syombua akampa kibuyu. "Ukitaka kuja, kuja kama mgeni. Nitakuchinjia kuku, na jembe hutashika."

Mzee Mulwa hakuuliza maswali. Wale mbuzi wa kwanza walikuwa wameliwa zamani, kwa hiyo akachagua wengine wa kimo chao, akaenda Mwala na ndugu yake Jumamosi iliyofuata. Wazee wakanywa, wakakubaliana, mambo yakaisha kwa heshima. Saa hiyohiyo binti yake alikuwa ghalani akiwaambia wageni kwamba ukame unaweza kuwa nje au ndani yetu. Alikuwa huru tangu saa tano asubuhi. Alikuwa amefikiri siku hiyo atalia, au ataimba, au angalau atapata hamu ya chakula. Hapakuwa na chochote.

*

Jumatatu ofisi hufungwa. Mumbua alivaa gauni lake la maua madogo, akaenda Matuu, akaulizia duka la rangi.

Kibe alikuwa amechutama akikoroga debe kwa kijiti. Alimwona, akasimama, kijiti kikidondoka krimu kwenye sakafu.

"Karibu, mama."

"Usiniite mama. Mbuzi zimerudishwa."

"Bwana yako alikubali?"

"Mutinda alikufa, Kibe. Miaka minne sasa. Ni lori, hapo Konza."

Kibe alirudi akachutama. Alikoroga, akakoroga, mpaka rangi ikawa laini kuliko inavyohitajika na mteja yeyote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Mtu anauliza aje? 'Habari ya jioni, na bwana yako angali anapumua?'" Alikuwa amekasirika kweli, mshipa umesimama shingoni. "Wiki nane! Mama yangu amepaka nyumba nzima. Nilimwambia nini? Nilimwambia umeenda masomo!"

"Nilitaka uende," Mumbua akasema. "Ukiniuliza nitakuambia ukweli. Nilinyamaza ili uende, maana ilikuwa rahisi."

"Na sasa umekuja kufanya nini?"

"Sijui vizuri." Akatafuta maneno, kwa sababu haya hayakuwa kwenye karatasi yoyote. "Sitakudanganya. Nikikuangalia sisikii moyo kuruka. Si wewe tu, ni kila kitu. Chakula, kanisa, hata baba yangu. Lakini saa kumi na mbili ikifika na simu ikose kulia, najua imekosa. Kila siku najua. Ni hiyo tu niko nayo."

"Hiyo ni kidogo."

"Ni kidogo."

"Mumbua, mimi ni mtu wa kelele. Nataka bibi anigombeze, anicheke, anikumbatie nikitoka kazi. Sitaki mtu wa kujua tu simu imekosa." Akafuta mikono kwenye ovaroli, polepole, kidole kimoja kimoja. "Siwezi kuoa mtu hanisikii. Nitakufa pole pole."

"Naelewa."

"Unaelewa! Ona sasa. Hata hapo ungelia kidogo."

"Ningetaka," akasema, na Kibe akaona kwamba ni kweli, angetaka. Hilo ndilo lililomsumbua baada ya Mumbua kuondoka.

*

Jumamosi kulikuwa na chama cha akina mama kutoka Mavoko, kumi, wote na kanga za sare, wakiongozwa na mwenyekiti wao Wagaki, mwanamke mnene mwenye kofia ya ukindu pana kama sinia. Asubuhi waliziona picha na kuzigombania. Wagaki alisema ile ya kijivu ni ukuta wa jiko lake kabla hajaolewa. Walikula wali wakaongeza. Saa nane walifika bwawani wakiimba, na kwenye gati ya mbao alikuwa amesimama mtu mwenye suti ya kijivu, viatu vimeng'arishwa, amekamata tiketi.

"Leo umefunga duka?" Mumbua akamuuliza.

"Leo nimekuja ya mashua. Ile ya picha nimeiona mara saba."

Kaloki, ambaye sasa alijua mbuzi wamerudi Mwala, alimtazama, akatazama pembeni kwa haya, akamsaidia kupanda. Nafasi ilikuwa moja, upande wa mbele, karibu na mwelezaji. Injini ikanguruma na mashua ikatoka.

"Upande wa kushoto mnaona milima ya Iveti," Mumbua alianza. "Upande wa kulia ni mji wetu wa Machakos. Bwawa hili ndilo linaupa mji maji ya kunywa. Kwa hivyo tafadhali, msitupe chochote majini."

"Hata bwana?" Wagaki akauliza, na akina mama wakavunjika mbavu kwa kicheko.

"Hata bwana," Mumbua akajibu. "Hapa katikati ndipo penye kina kirefu zaidi."

Hapo katikati, basi, ndipo Kibe alipochagua. Alikuwa amekulia katika kanisa ambamo jambo la maana husemwa mtu akiwa amesimama, na maishani mwake hakuwa amepanda chombo cha majini. Akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Mumbua," akasema kwa sauti ya ushuhuda, "mimi nimefikiria ile kitu ulisema dukani."

Akina mama kumi waliokuwa wakitazama milima wakageuka kwa pamoja, wakahamia upande wake ili wasikie vizuri. Mashua ikalala. Kaloki akapiga kelele. Kibe akatupa mikono hewani, kiatu kimoja kilichong'arishwa kikateleza, na suti ya kijivu ikaanza kwenda majini, mgongo kwanza.

Mumbua hakujua alisimamaje. Alijikuta amemshika mshipi kwa mikono miwili, magoti yamekwama kwenye ubao, na sauti inatoka kwake ambayo hajawahi kuisikia.

"Ikala nthi!" alipiga kelele, Kikamba tupu, akamvuta kwa nguvu zote mpaka akaanguka chini kwenye ubao kwa kishindo. "Kaa chini! Kaa chini, mjinga wewe! Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Hujui! Hujui na unasimama! Nani alikwambia usimame? Unataka nikuzike? Unafikiri mimi niko na kazi ya kuzika watu? Nimezika mmoja, Kibe! Siwezi wawili! Siwezi!"

Mashua ilikuwa imetulia. Akina mama walikuwa wamerudi kwenye viti vyao. Kaloki alikuwa amezima injini, na maji yaligonga mbao taratibu. Mumbua aliendelea kupiga kelele, kisha kelele zikageuka kilio, na kilio hicho hakikuwa kizuri kutazama. Pua ilitoka, mabega yaliruka. Kucha mbili zilikuwa zimevunjika kwenye mshipi na ziliuma. Magoti yaliuma. Moyo ulikuwa ukimpiga mbavuni kwa ndani na nao uliuma. Alikuwa ameogopa. Bado aliogopa, na aliichukia hofu hiyo, maana aliitambua. Mtu huyu mwenye suti ya kijivu tayari alikuwa wa kwake, mtu ambaye angeweza kumpoteza, na hakuna aliyemuuliza Mumbua kama anakubali.

"Mumbua," Kibe akasema polepole. "Uko sawa?"

"Siko sawa. Naumwa kila mahali."

"Pole, mpenzi."

"Usiniambie pole! Ungekufa!"

Wagaki akakohoa. Akaishika kofia yake vizuri. "Samahani, wanangu. Sisi huku nyuma hatukusikia ile ya kwanza. Kijana, ulikuwa umesimama kusema nini?"

Kibe akamwangalia Mumbua, uso ule uliovimba, uliotapakaa machozi na kamasi, na akaona kwamba hajawahi kuuona kabla ya leo.

"Nilitaka kusema ile kidogo yake inanitosha," akasema.

"Si kidogo," Mumbua akasema, akijifuta kwa mkono wa sweta. "Ona mikono yangu. Si kidogo."

"Naona. Sasa, nilete mbuzi Masii?"

"Kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri. Shika hapo." Akangoja mpaka akashika ubao. "Leta. Lakini wewe usikufe."

"Sitakufa."

"Unasema tu."

"Nasema tu," Kibe akakubali. "Lakini nasema."

Vigelegele vya akina mama wa Mavoko vilisikika, nadhani, hadi kwenye foleni za mjini. Kaloki akawasha injini bila kuambiwa, akaigeuza mashua mapema kuliko ratiba, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu mwenye mambo ya kujieleza siku nyingine. Mumbua hakueleza chochote zaidi kuhusu mji wala milima. Alikaa amemshika Kibe mshipi kwa mikono yote miwili njia nzima, na walipofika gatini na akina mama wote wakashuka, alikuwa bado amemshika, mpaka Kaloki akamwomba kwa upole amwachilie ili mashua ifungwe.